Nani Aliyeiba Injini ya Mipigo Miwili?

Katika maandishi ya tarikhi ya pikipiki kuna sentensi moja ambayo hurithiwa na kila mwandishi kutoka kwa mwenziwe aliyemtangulia. Husema kwamba mnamo mwaka 1961 Wajapani waliiba siri ya injini ya mipigo miwili kutoka kwa Wajerumani, na kwamba kwa wizi huo wakaitawala dunia ya pikipiki. Sentensi hiyo ni fupi, ina mwizi, ina aliyeibiwa na ina tarehe. Kwa hiyo hupendwa. Walakini ukweli uliomo ndani yake ni nusu tu, na nusu iliyoachwa nje ndiyo kubwa.

Shutuma ya wizi ni nzito. Mtu aitoaye hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba mali ilikuwa ya yule anayedaiwa kuibiwa, kwamba ilichukuliwa pasipo haki, na kwamba mshitaki mwenyewe hana sehemu ya mali hiyo hiyo ghalani mwake. Katika shauri hili jambo la kwanza lina shaka, la pili lina ukweli kiasi, na la tatu halithibitiki kabisa.

Injini ya mipigo miwili ni ile ambayo pistoni yake hupanda mara moja na kushuka mara moja kwa kila mlipuko. Mwenzake wa mipigo minne hupanda na kushuka mara mbili, naye huhitaji vali na vyuma vingi vya kuziamrisha zifunguke na kufungwa kwa zamu. Injini hii ndogo haina anasa hiyo. Hunywa petroli iliyochanganywa na oili, hutoa moshi wa buluu, na mlio wake ni wa haraka haraka. Masikio yaliyoipa pikipiki jina lake la Kiswahili yalisikia vema, na kila aliyewahi kusimama nyuma ya Vespa katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja aujua moshi huo pamoja na mlio wake.

Asili ya injini hii haikuwa Ujerumani wala Japani. Dugald Clerk, mtu wa Scotland, alipata hati ya uvumbuzi wa injini ya namna hii mwaka 1881, ila ya kwake ilihitaji silinda ya pili ya kusukumia gesi. Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, aliiondoa silinda hiyo ya pili mwaka 1891, kwa kulifanya sanduku la krenki lililo chini ya pistoni liwe ndiyo pampu. Hata hivyo injini ya Day ilibaki na vali. Aliyeziondoa ni mfanyakazi wake, Frederick Cock, ambaye mwaka 1892 aliuacha ubavu wa pistoni wenyewe ufunge na kufungua tundu la kuingizia gesi. Tangu hapo injini ikawa na sehemu tatu tu zinazotembea: pistoni, mkono wake, na krenki. Umbo hilo la matundu matatu ndilo lililoenea duniani, na aghalabu vitabu huliita la Day. Cock hutajwa na wachache. Basi tangu mwaka wa kwanza wa habari hii kuna mtu aliyetenda na mtu aliyeandikwa, nao si mmoja.

Umbo hilo lilikuwa na kasoro iliyowasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka thelathini. Gesi mbichi huingia silindani wakati ule ule moshi unapotoka, na milango yote miwili iko wazi. Ili gesi isikimbilie moja kwa moja penye mlango wa kutokea, pistoni ilijengewa nundu kichwani, nayo nundu iliisukuma gesi juu kabla haijapata njia. Nundu ilisaidia, lakini ilikuwa nzito na ilishika moto kupita kiasi. Alfred Angas Scott wa Yorkshire alifanya makubwa nayo kwa kupoza injini zake kwa maji, na pikipiki zake zilishinda mbio kuu za kisiwa cha Man mwaka 1912 na 1913. Lakini nundu ilibaki nundu.

Aliyeiondoa ni Adolf Schnürle, mhandisi wa Kijerumani katika kampuni ya Deutz, katikati ya miaka ya 1920. Aliyaelekeza matundu mawili ya gesi kwa mshazari kwenye ukuta wa silinda ulio mbali na tundu la moshi. Mito miwili ya gesi ikakutana, ikapanda ukutani, ikapinduka juu na kushuka upande wa pili ikiufagia moshi mbele yake. Kichwa cha pistoni kikawa bapa, chepesi na baridi zaidi. Kampuni ya DKW ya Zschopau katika Saxony ikanunua haki ya kuitumia njia hiyo katika injini za petroli, na kwa miaka kadhaa viwanda vya nchi nyingine vikalazimika kuuzunguka ukuta wa hati yake kwa hila mbalimbali.

Wale waisifuo DKW kuwa ndiyo mwenye mali ya asili yafaa walitafakari jambo hili. Kampuni ilianzishwa na mtu wa Denmark, Jørgen Skafte Rasmussen. Injini yake ya kwanza ya mipigo miwili, kitu kidogo cha kuchezea watoto, ilitokana na kazi ya mhandisi Hugo Ruppe. Wazo la sanduku la krenki lilitoka Bath. Wazo la mito ya gesi lilitoka Deutz, nalo lilinunuliwa kwa fedha halali. Hakuna aibu katika lolote la hayo. Ila mtu aliyejenga nyumba kwa mawe ya wengine, hata kama mengine aliyalipia, hawezi kusimama mlangoni akadai kwamba jiwe lilizaliwa naye.

Mwaka 1939 kiwanda hicho kilitoa pikipiki iitwayo RT 125. Mbunifu wake mkuu alikuwa Hermann Weber. Kwa hakika hii ndiyo kazi iliyo bora kuliko zote katika jamii yake, na si kwa kasi wala kwa nguvu, maana nguvu zake za farasi hazikutimia hata tano. Ubora wake ni kwamba hakuna kitu ndani yake kiwezacho kuondolewa. Silinda ni moja, ya cc 123. Injini na sanduku la gia vimo katika ganda moja, ilhali pikipiki nyingi za zamani zilikuwa na injini pahali pake na gia pahali pengine, zikiunganishwa kwa mnyororo uliopigwa na vumbi na mvua. Gia ni tatu. Uzito wa chombo kizima ni kilo 70 hivi, hata mtu mmoja aweza kukiinua akakipandisha kizingiti. Fundi wa kijiji mwenye spana chache aweza kukifungua asubuhi na kukifunga kabla ya jua kuchwa. Mtu aitazamaye kando ya pikipiki za miaka ya 1920, zilizojaa mirija, mikono na matangi yaliyofungwa kwa vyuma kama mizigo ya punda, ataona kwamba Weber hakuongeza neno katika lugha ya zamani. Alifuta maneno mengi.

Kisha vita vikaisha, na hapa ndipo sentensi ile ya wizi inapoanza kutetereka. Mwaka 1945 Warusi walivunja mitambo ya Zschopau wakaichukua kwao, na mwaka 1946 RT 125 ikazaliwa upya huko kwa jina la Moskva M-1A, pamoja na ndugu yake K-125 katika mji wa Kovrov. Poland ikaitengeneza. Italia, Morini akatoa ya kwake. Marekani, Harley-Davidson ikaitoa kama pikipiki yake ya cc 125 kwa mwaka 1948, na uzao wake ukaja kuitwa Hummer. Uingereza, kampuni ya BSA ya Birmingham ikaitoa mwaka huo huo wa 1948 kwa jina la Bantam, mchoro ukiwa umepinduliwa kama sura ndani ya kioo, kilichokuwa kushoto kikawa kulia, ili kanyagio la gia liwe upande waliouzoea Waingereza. Vijana wa posta wakaipanda kupelekea simu za maandishi, na watu wengi wa nchi ile wakaipenda kwa mapenzi ya dhati, wakidhani ni mtoto wa Birmingham. Ujerumani yenyewe ikaitengeneza mara mbili: Zschopau upande wa mashariki, na Ingolstadt upande wa magharibi ambako DKW ilianza upya, kama ndugu wawili wanaogombea mirathi ya baba mmoja.

Hermann Weber hakuyaona hayo yote. Yeye naye alichukuliwa akapelekwa Urusi ya Kisovyeti kama mitambo ilivyochukuliwa, akafa huko mwaka 1948.

Watetezi wa mataifa yaliyoshinda wanayo hoja, nayo haifai kudharauliwa. Wasema kwamba Ujerumani ya Hitler ilianzisha vita, ikaangamiza mamilioni ya watu na kubomoa miji ya wenziwe. Kwa hiyo michoro ya pikipiki ilikuwa fidia ndogo mno. Hoja hii yakubalika. Aliyechomewa mji wake ana haki ya kudai zaidi ya mchoro. Lakini fidia hueleza haki ya kutengeneza. Haielezi haki ya kunyamaza. Hakuna mkataba wa amani uliomlazimisha mtu kumwuzia mnunuzi wa Bantam pikipiki isiyotajwa mahali popote kwamba ni kazi ya Weber. Mali ilihamishwa kwa sheria ya washindi, na jina likafutwa bila ya sheria yoyote.

Mwaka 1955 likaja zamu la Japani. Kampuni mpya ya Yamaha, iliyotoka katika kiwanda cha vinanda, ilitoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, ambayo watu waliipa lakabu ya Akatombo, yaani kereng'ende mwekundu. Nayo ilikuwa mtoto wa RT 125. Japani haikuwa na dai la fidia juu ya Ujerumani, na hapa mshitaki aweza kufurahi kidogo. Lakini Wajapani hawakuishia katika kunakili. Waliongeza gia ya nne, wakaitengeneza kwa uangalifu uliowashangaza watu wa nchi yao, na mwaka huo huo wakashinda nayo mbio za kupanda mlima Fuji. Basi kitendo kilikuwa kile kile kilichotendeka Birmingham na Marekani, isipokuwa kilitendwa kwa bidii zaidi. Kilipotendwa na Mwingereza kiliitwa biashara. Kilipotendwa na Mrusi kiliitwa fidia. Kilipotendwa na Mjapani ndipo kamusi ikafunguliwa penye neno la kuiga, na baadaye penye neno la wizi. Anayetaka neno hilo litumike na alitumie kwa wote, ama aliache.

Yatosha kuhusu RT 125. Lakini mshitaki atasema kwamba shauri lake si la 1955 bali la 1961, nalo lina uzito wa namna nyingine. Ni kweli.

Mtu wa habari hiyo ni Walter Kaaden, aliyezaliwa Saxony mwaka 1919, ambaye tangu mwaka 1953 aliongoza idara ya mashindano ya kiwanda cha Zschopau, kilichokuja kuitwa MZ. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na uhaba wa fedha na wa vyuma vizuri, na karakana yake ilikuwa ya kimaskini ukiilinganisha na za Italia. Kaaden alikuwa na kitu kimoja ambacho wengine hawakukithamini: aliamini kwamba ekzosi ni sehemu ya injini, si bomba la kutupia taka.

Hoja yake yaeleweka hata kwa asiye fundi. Moshi unapotoka silindani kwa kishindo, hutangulia wimbi la mgandamizo likienda kwa kasi ya sauti. Bomba likipanuka kama tarumbeta, hurudi wimbi la mvuto ambalo huunyonya moshi uliobaki, na pamoja nao huvuta gesi mbichi kutoka chini, hata nyingine ikaponyokea bombani. Bomba likisongeka tena mwishoni, hurudi wimbi la pili, la mgandamizo, nalo huikuta gesi iliyoponyoka ikiwa mlangoni na kuirudisha ndani kabla pistoni haijafunga tundu. Kwa hivyo kile ambacho nundu ilijaribu kukizuia kwa chuma, bomba lilikizuia kwa sauti. Upana na urefu wa kila kipande ulipasa kupimwa sawasawa na mwendo wa injini; kosa dogo, na wimbi hurudi limechelewa.

Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25 hivi ikizunguka mara 10,800 kwa dakika. Hizo ni nguvu 200 kwa kila lita moja ya ujazo, bila ya mashine ya kushindilia hewa, kiasi ambacho hakuna injini ya namna hiyo iliyokuwa imekifikia kabla yake.

Hata hapa yapasa kusema kweli yote. Bomba la kupanuka na kusongeka halikuanza kwa Kaaden. Erich Wolf wa DKW ya Ingolstadt alikuwa nalo katika pikipiki zake za mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kisahani kinachozunguka ili kufungua na kufunga tundu la kuingizia gesi kilitoka kwa Daniel Zimmermann, fundi aliyejitengenezea injini yake mwenyewe. Kaaden alivichukua vyote viwili, akavipima, akavipatanisha, na akavifanya kuwa elimu pale vilipokuwa bahati. Huo ndio ukubwa wake. Mtu akisema kwamba Kaaden alikuwa mwenye kuyabuni yote peke yake humpunguzia heshima, kwa sababu humsifu kwa uongo ilhali ukweli wake watosha.

Dereva wake alikuwa Ernst Degner. Katika mwezi wa Septemba 1961, mwezi mmoja tu baada ya ukuta kujengwa Berlin, Degner alikuwa akikaribia kuwa bingwa wa dunia wa cc 125. Mkewe na watoto wake walitoroshwa kutoka Ujerumani ya Mashariki ndani ya gari siku zile zile za mashindano ya Kristianstad huko Sweden. Injini ikamfia mbioni. Naye akavuka kwenda Denmark, asirudi tena. Mwaka uliofuata alipanda pikipiki ya Suzuki iliyojengwa kwa elimu ya Kaaden, akawa bingwa wa dunia wa cc 50, na huo ukawa ubingwa wa kwanza wa dunia wa injini ya mipigo miwili.

Basi, je, huo si wizi? Degner alivunja mkataba wake, na alichouza hakikuwa chake. Hilo halina utetezi kamili, ingawa anayemhukumu na aufikirie pia ukuta uliokuwa umesimama kati yake na maisha aliyoyataka. Suzuki nayo ilijua inanunua nini. Sehemu hii ya shutuma imethibitika, na mwenye kuikana hutetea jambo lisilotetewa. Lakini ni mbali kutoka hapo hadi kwenye sentensi ile ya kwanza. Michoro na vipimo havikuwapa Suzuki mafundi wa vyuma wala nidhamu ya kiwandani. Hivyo walikuwa navyo. Baada ya miaka michache bomba la Kaaden lilikuwa katika kila injini ya mipigo miwili ya mashindano, ya Japani, ya Hispania na ya kwingineko, na wengi wa waliolitumia hawakuwahi kukutana na Degner. Bomba lilikuwa nje ya pikipiki, machoni pa watu; mwenye akili na subira angeweza kulipima. Tangu mwaka 1975 hadi 2001 kila bingwa wa dunia wa cc 500 alipanda injini ya mipigo miwili, na hata Honda, iliyokuwa imeishikilia mipigo minne kwa ushabiki mkubwa, mwishowe ilijenga ya miwili. Je, wote hao ni wezi, au neno limechoka?

Kitabu mashuhuri cha Mat Oxley juu ya mkasa huu, kinachompa Kaaden heshima yake yote, hata hivyo kimebeba neno la kuiba katika jina lake: Stealing Speed. Pengine mchapishaji aliona litauza. Athari yake ni kwamba msomaji hukiweka chini akimkumbuka mtoro kuliko mbunifu.

Wasomi wa ushairi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa urefu. Mtungaji wa takhmisa huchukua maneno ya mwenziwe, huyaacha yalivyo, akayatangulizia mishororo mitatu ya kwake ili ubeti utimie mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliufanyia hivyo utungo unaonasibishwa na Liyongo, na nani amewahi kumwita mwizi? Jina la Liyongo limebaki mlangoni pa kazi, na kila aingiaye humkuta. Lau angalilifuta, mishororo yake mitatu, hata ingalikuwa bora kuliko ya mwenye asili, ingalinuka. BSA, Harley-Davidson na Yamaha walitunga takhmisa juu ya Weber, baadhi yao takhmisa nzuri sana, na pikipiki zilitoka kiwandani zikiwa na jina la mtunzi wa pili peke yake tangini.

Injini yenyewe sasa imeondoka katika barabara za nchi nyingi na katika mashindano makuu. Ile gesi iponyokayo, pamoja na oili inayoungua, haikuafikiana na sheria za hewa safi zilizoanza kukazwa Marekani katika miaka ya 1970. Mashindano ya cc 500 yalifungua mlango kwa mipigo minne mwaka 2002. Ya cc 250 yaliisha mwaka 2009, na ya cc 125 mwaka 2011. Kaaden alikufa mwaka 1996, bomba lake likiwa bado linashinda kila Jumapili ya mashindano. Degner alikufa mwaka 1983. Katika uwanja wa mbio wa Suzuka, Japani, ipo kona iitwayo kwa jina la Degner, kwa sababu alianguka hapo, na kila mwaka watangazaji wa mbio za magari hulitamka jina hilo mbele ya dunia nzima. Kona ya Weber haipo, wala ya Kaaden.